Mstari wa Baba Mkwe

Alikuwa akikohoa kabla ya kufika. Hakuwa mgonjwa. Kikohozi kile kilikuwa hodi yake kwangu: alikohoa mara ya kwanza akiwa bado ndani ya migomba, na mara ya pili akikaribia kona ya jiko, ili mimi mkamwana wake nipate muda wa kuvuta kanga kichwani na kumpisha njia. Nimeishi kwenye kibanja kile, nyumba ndani ya shamba la migomba, tangu niolewe, na nadhani nakifahamu kikohozi chake kuliko uso wake. Uso sikuutazama sana. Haikupasa.

Jina lake sitaliandika. Msomaji asidhani ninamficha kwa ubaya. Kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe, la ubatizo wala la ukoo. Watoto walipoanza shule, fomu zao alijaza mume wangu, kwa sababu jina la tatu ni la babu yao. Kuna jirani ambaye wamefanana majina. Mimi humwita Baba wa Bondeni, na amezoea, ingawa haishi bondeni. Basi hapa nitamwita Mwalimu, kama walivyomwita watu wote. Nyumbani nilimwita Baba.

Sijui kama mimi ndiye wa kumweleza. Nimesoma darasa la saba tu, na kuna waliokaa naye karibu zaidi na wakamtazama machoni. Lakini hao hawaandiki, na mimi nina tabia ya kuandika siku zangu, nzuri na mbaya. Nitajaribu nisimsingizie.

Kazi yake ya maisha ilikuwa kufundisha kupiga taipu. Aliifundisha kwenye shule za misheni mpaka akastaafu. Halafu, miaka ya tisini mwanzoni, wafadhili wakauletea usharika wetu kompyuta moja na printa moja, na jenereta ya kuziendesha. Mchungaji aliogopa hata kuifunua nailoni iliyozifunika. Mwalimu akaomba kitabu kilichokuja ndani ya boksi. Kilikuwa cha Kiingereza, kinafundisha jinsi ya kuiandikia mashine amri ifanye unachotaka. Alikaa nacho msimu mzima wa mvua, akitafuna kahawa za kuchemsha na kutema maganda kwenye kopo. Alipotoka hapo akatangaza darasa, Jumamosi mchana, kwa yeyote anayejua kusoma.

Kwangu ujumbe uliletwa na mama mkwe.

"Baba anasema Jumamosi uende darasani."

Mume wangu akaacha kula. "Mke wangu na baba yangu, meza moja?"

"Mashine ina kiti kimoja," mama mkwe akasema. "Akikaa mmoja, mwingine si atasimama?"

Hapo mjadala ukaisha. Lakini mimi sikulala vizuri. Niliona aibu kwenda na niliona aibu kukataa, na hali hiyo ndiyo iliyonitawala miaka yote niliyofundishwa na yule mzee.

Alinifundisha akiwa amenipa mgongo. Wanafunzi wengine aliwasimamia begani, akawapiga vidole kwa kalamu. Zamu yangu ilipofika alikwenda dirishani, akatazama mibuni ya nje, akasema, "Soma." Mimi nikasoma kwa sauti kila kilichokuwa kwenye kioo cha mashine: PRINT, alama ya kufungulia, herufi, alama ya kufungia, nukta mkato. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza injini. "Rudi nyuma. Umesahau kufunga." Hajageuka, hajaona, na kweli nilikuwa nimesahau. Flopi ya kuhifadhia kazi hatukupeana mkononi. Aliiweka mezani, akasogea, ndipo nikaichukua.

Mwenzangu darasani, Domitila, alikuwa binti wa wakimbizi wa zamani kutoka Rwanda, waliokaa huku kwetu upande wa Rugu. Alipenda kucheka.

"Wewe unafundishwa na redio," aliniambia. "Ukiichoka, izime."

"Kwenu hamna mkwe?"

"Tunao. Mama yangu hata neno linalofanana na jina la babu hasemi. Ila mama yangu hasomi kompyuta, dada. Wewe umejitakia."

Sasa niseme alichotufundisha, maana nisipokisema mtu hataelewa yaliyotokea baadaye. Wengine wanadhani kompyuta ukishaiambia iandike, itaandika vizuri. Haiandiki vizuri. Siku ya kwanza niliipa jina langu na la Domitila, mashine ikayatoa yameshikana kama ndizi pacha. Mwalimu alisikia nikiyasoma kwa pumzi moja, akauliza, "Huyo ni nani? Mgeni wa wapi?" Darasa likacheka. Akaeleza kwamba nafasi tupu kati ya neno na neno mashine haiijui mpaka uiandike. Kwake nafasi nayo ni herufi, ila haina wino.

Baadaye tulijifunza safu. Majina yaanzie ukingoni, idadi zikae mbali, zote chini ya mstari mmoja, kwa amri ya TAB. Hapo ndipo nilipoteseka. Ukiiacha mashine ijiongoze, inaandika saba chini ya moja ya kumi na mbili, na mtu akisoma kwa haraka anaiona saba kama sabini. Mwalimu alikuwa na hasira na jambo hilo kuliko wizi. "Mkubwa na mdogo wasimame kulia," alisema. "Mamoja chini ya mamoja. Mashine haikosei kuhesabu. Inakosea kuongea na watu, na wewe ndiye mdomo wake."

Kila karatasi tuliyotoa aliikunja, akaenda nayo nyumbani, akampa mama mkwe. Mama mkwe alijua kusoma kwa kisomo cha watu wazima, polepole, kwa kidole. Aliweka kidole kwenye jina, akakiburuta kwenda kulia kutafuta idadi. Kidole kikiteleza kikaangukia mstari wa jirani, Jumamosi iliyofuata Mwalimu alitamka neno moja tu, "Imeanguka," na ulianza upya.

Nilimwona kuwa mtu wa haki kwa jambo hilo. Lakini haki hiyo ilikuwa na mipaka. Kidole cha mama mkwe alikitumia miaka yote, na kibodi hakuwahi kumruhusu aiguse. Mama mkwe aliomba mara moja, mimi nikiwa jikoni nasikia. Mwalimu akamjibu, "Wewe ukijua ilivyotengenezwa, hutasoma tena kama msomaji." Labda alikuwa sahihi. Labda aliona tu kwamba mke wake si wa kukalia kiti kile. Nimelifikiria pande zote na sijapata jibu.

Kitu kingine, kibanja chake kilikuwa vurugu tupu. Mtu huyu wa safu na mistari alipanda migomba kama mvua ilivyonyesha. Bwana shamba alikuja akamwambia apange kwa kamba, mgomba na mgomba, mbuni katikati. Mwalimu akamkaribisha ndizi na maharage, akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alisema, "Mgomba hausomwi."

Na alikuwa na ulimi. Kijana mmoja mwalimu wa shule ya msingi alitoa karatasi yake ya kwanza, Mwalimu akaiinua juu wote tuione: "Hii inafanana na kitanda cha mlevi." Tulicheka mpaka machozi. Yule kijana alikunja karatasi yake vizuri sana, akaiweka mfukoni, na hakurudi tena. Nilicheka na mimi. Sidhani kama Mwalimu alijua kwamba alimfukuza. Alikuwa akiuliza Jumamosi baada ya Jumamosi, "Yule bwana mdogo anaumwa?"

Majivuno yake ya taipureta nayo yalikuwa na hadithi. Mwaka wa vita alikuwa akifundisha karibu na mto Kagera, na watu walipokimbia alitoka na taipureta ya shule. Kwa maelezo yake alibeba taipureta kwa mkono mmoja na sufuria kubwa ya nyumbani kwa mkono wa pili. Kwa maelezo ya mama mkwe, sufuria ilibaki jikoni ikiwa na maharage ndani.

"Wanajeshi waliyala," mama mkwe alikuwa akisema kila tulipopika maharage. "Nilikuwa nimetia na chumvi."

"Sufuria niliibeba," sauti ikajibu kutoka barazani.

"Basi iko wapi?"

Mimi sikuwepo, kwa hiyo siamui. Taipureta niliiona kwa macho.

Nimezunguka sana. Nadhani nakwepa kufika kwenye mavuno.

Usharika wetu uko upande wa Bweranyange, na kila mwaka kuna Jumapili ya mavuno. Kila familia huleta ilichonacho, mkungu wa ndizi, debe la maharage, kahawa, kuku aliyefungwa miguu. Zamani katibu aliandika majina kwa mkono na mzee wa kanisa akayasoma mbele ya watu wote, jina na ulicholeta. Mwaka ule mchungaji, ambaye si mwenyeji wa huku, alisema sadaka za mavuno zitaandikwa na kompyuta. Tena alikuwa anatafuta karani wa kuitumia, kazi ya kudumu. Tuliokuwa tumebaki darasani tukifaa ni mimi na Domitila. Akatugawia usharika nusu kwa nusu. Kila mmoja aiandikie mashine amri zake, atoe karatasi yake, na Mwalimu asisaidie hata kwa kukohoa. Karatasi nzuri ndiyo ingepata kazi.

Kazi ile niliitaka. Wadudu walikuwa wameingia kwenye migomba yetu, mikungu ilitoka midogo kama vitana, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye darasa la saba. Nafasi ya namna hiyo haikuwa na uwezekano wa kunirudia.

Nusu niliyopewa ilikuwa na nyumba za kwetu. Niliandika jina baada ya jina mpaka nikafika kwake. Mkungu mmoja. Mikono yangu ikasimama.

Kulitamka sijawahi. Kuliandika je, ni kulitamka? Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu bibi zetu waliotuachia mila hii hawakuandika. Nilijiuliza kama nimwite Domitila aje apige mstari ule mmoja, lakini tulikuwa tunashindana, na mchungaji alisema kila mtu peke yake. Nikawaza: kila mtu huku anajua mimi ni mkamwana wa nani. Wakiona mahali pale pako wazi watajua ni heshima. Yeye mwenyewe ataona na atafurahi. Nikagonga nafasi tupu, moja baada ya nyingine, kwa urefu ambao jina lingechukua, kisha TAB, kisha idadi. Safu hazikuyumba. Niliitazama karatasi ikitoka kwenye printa, nikajisifu moyoni kwamba nimemheshimu mkwe wangu na nimeheshimu na mafundisho yake.

Jumapili mzee wa kanisa akasimama na karatasi zetu. Alisoma vizuri, haraka kuliko miaka yote, watu wakanong'ona kwa kupendezwa. Akafika hapo akasita. Akavua miwani, akaivaa.

"Hapa pana mkungu mmoja," akasema. "Mtu hapana."

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa vijana. Mmoja akasema, na kanisa zima likamsikia, "Umekuja wenyewe kwa miguu!"

Mzee wa kanisa naye akatabasamu. Mchungaji akauliza, "Mkungu huu ni wa nani? Mwenyewe ajitaje."

Mikungu ilikuwa imepangwa mbele ya madhabahu. Wa kwetu ulikuwa mwembamba kuliko yote, na wote walikuwa wamemwona aliyeuleta begani asubuhi. Nikasikia mama mmoja wa benchi la nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Ameona haya. Kamwambia mkamwana amfiche."

Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilitazama miguu yangu. Nilitaka kusimama niseme, na sikuweza, maana kikohozi kile kilisikika upande wa wanaume, na baba mkwe akisimama kusema mkamwana hasimami.

"Mkungu ni wangu," Mwalimu akasema. "Kosa pia ni langu. Mimi niliwafundisha vibaya upana wa safu, mashine ikaruka mstari. Aliyeandika hana kosa."

"Kwa hiyo mashine yako inamjua kila mtu ila wewe?" mtu akauliza, na kanisa likacheka tena, hata wazee. Alikaa. Nilimwona mgongo tu, kama kawaida.

Aliyoyasema hayakuwa kweli. Mashine hairuki mstari, na safu hakutufundisha vibaya. Mtu aliyemkataza mwanafunzi kuweka saba chini ya moja alisimama kanisani akasema uongo juu ya kitu alichokijua kuliko wote. Tena alikuwa mzee wa kujivuna. Afadhali angeumwa na nyoka kuliko kuchekwa kwa ajili ya karatasi.

Kazi nilipewa mimi. Mchungaji alisema karatasi yangu ni safi, ila dosari ile moja, ambayo mwalimu ameshaikiri. Kwa haki, kwenye karatasi ya Domitila idadi zilikuwa zimeyumba mahali. Kwa haki tena, Domitila alikuwa mwepesi kuliko mimi kwa kila kitu, na majina yote yalikuwepo.

Alinisubiri nje. "Umebebwa na mkweo," akasema.

"Najua."

"Hujui. Mimi nisingeweza kubebwa hivyo, baba mkwe wangu sijampata bado." Akacheka, lakini si sana. Halafu akasema, "Mwakani uniite. Ule mstari nitaupiga mimi."

Na kweli alikuja. Kila mavuno Domitila alitembea kutoka kwao, akakaa kwenye kiti changu, akapiga mstari mmoja, akanywa chai, akaenda. Hakuwahi kuniomba chochote kwa ajili hiyo.

Nyumbani hatukulizungumza. Tungelizungumzaje? Mimi na Mwalimu hatukuwa na njia ya maneno marefu. Nilitaka kumwomba mama mkwe anisaidie kusema, nikashindwa kuanza. Jioni ile ya mavuno nilipika, nikapeleka chakula mpaka mlangoni, nikakiweka chini kama siku zote. Nilisikia mama mkwe akisema, "Kula." Sahani zilirudi zimeguswa kidogo tu.

Darasa lilipungua. Vijana waliimba njiani, "Mashine imemmeza mwenyewe," na akina mama wakawakataza wanao wasiende kwa mtu aliyemezwa. Baadaye likafungwa kabisa. Nisiseme ni kwa sababu yangu peke yangu, maana mafuta ya jenereta nayo yalipunguzwa, na macho ya Mwalimu yalikuwa yameanza ukungu. Inawezekana lingefungwa hata hivyo. Hivyo ndivyo ninavyojiambia, na siku nyingine naamini.

Kisha ile misafara ya Wanyarwanda waliokuwa wakirudi kwao ilipoanza, Domitila na wazee wake nao wakafunga mizigo. Alikuja kuniaga ofisini. Akatazama kile kiti.

"Na mstari?"

"Sijui," nikasema.

"Mwambie akuruhusu."

"Nimwambieje?"

"Wewe," akasema, "hata Mungu utamwongelesha kupitia mama mkwe." Tukashikana mikono, tukalia kidogo, akaenda.

Mavuno yaliyofuata Mwalimu hakwenda kanisani. Mama mkwe alisema anaumwa mgongo. Lakini siku mbili kabla nilikuwa nimemwona akizunguka mgomba wenye mkungu mkubwa, akiupapasa, na siku ya pili baada ya mavuno mkungu uleule tuliupika nyumbani. Nilielewa. Alijua hakuna wa kuupiga mstari wake, hakutaka nisimamishwe tena mbele ya mashine na mikono imekufa, basi aliacha kuleta sadaka. Watu walisema amekuwa bahili uzeeni. Wengine walisema amemwacha Mungu. Mimi nilikula ndizi zile, nikaosha sahani.

Nikaanza kuwaza kuiacha kazi. Sikumwambia mtu, ila mwaka mwingine wa mavuno ulipokaribia nilikuwa nimeshaamua kwamba huu ni wa mwisho.

Jumamosi, siku moja kabla, nilikuwa ofisini peke yangu, jenereta inanguruma nje. Nikasikia kikohozi. Nikadhani ni mawazo. Kikaja cha pili, karibu na ukuta. Nikasimama, nikavuta kanga, nikarudi nyuma mpaka dirishani.

Mama mkwe aliingia kwanza na mkungu kichwani, akautua mlangoni. Mwalimu akafuata, anapapasa na fimbo. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Nikapiga magoti, nikamwamkia, "Shikamoo Baba."

"Marahaba." Halafu akamgeukia mke wake. "Mwulize Mama Koku kama mashine inafanya kazi." Mama Koku ni mimi, kwa jina la mtoto wangu.

"Anauliza mashine inafanya kazi."

"Inafanya, Baba."

"Mwambie aiamuru iulize jina."

Mama mkwe akanitazama. Alikuwa hajui maana yake, na mimi ilinichukua muda. Kwenye darasa letu kila jina tuliliandika wenyewe ndani ya amri, neno kwa neno. Lakini nilikuwa nimeona kwenye kitabu chake amri nyingine, INPUT, ambayo mashine inasimama na kusubiri mtu yeyote aingize chake, nayo inakihifadhi kwenye kisanduku. Aliyeandika amri hana haja ya kujua kitakachoingizwa. Anaandika kisanduku tu, na mashine inakitoa mahali pake.

"Niliwafundisha kutoa," Mwalimu akasema, safari hii hakumtuma mtu. "Kupokea sikufika. Ningefika mapema, yale yasingekukuta. Siku ile kanisani nilisema kosa ni langu. Watu walidhani nakuficha."

Nilitaka kusema kitu. Nilisema, "Ndiyo, Baba."

Nikakaa, nikaandika amri, nikainuka, nikarudi dirishani na kumpa mgongo. Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia vidole vyake, vyote kumi, vya mpiga taipu, havitafuti herufi. Kisha printa ikapiga kelele zake, karatasi ikachanwa.

"Imekaa sawa?" akauliza.

Nilibaki dirishani.

"Mama Koku. Macho yangu hayafiki mwisho wa mstari. Imekaa sawa?"

Nilimtazama mama mkwe. Angeweza kuchukua karatasi, kidole kile kilikuwepo. Aliangalia nje.

Karatasi ilikuwa mezani. Nikasogea, nikaisoma. Jina lile nilikuwa nimelikwepa kwenye bahasha, kwenye kadi za kanisa, kwenye msalaba wa kaka yake aliyefariki, na sasa nililisoma mpaka mwisho, na mwisho haukuwepo. Mimi mwenyewe, mwaka ule, ili orodha za mchungaji zipendeze, nilikuwa nimeweka amri inayokata kila jina refu lisiingie safu ya jirani. Ilikuwa imemkata mkwe wangu. Ningeweza kusema imekaa sawa, asingeona. Kesho yake mzee wa kanisa angesoma nusu.

"Imekatika, Baba," nikasema. "Mwishoni."

"Herufi ngapi?"

"Mbili."

"Nani aliweka safu nyembamba namna hiyo?"

"Mimi."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka nikiwa karibu hivyo. Akainuka, akashika fimbo, akasogea hatua moja tu kutoka kwenye kiti, akasimama hapohapo.

"Panua," akasema.

Kiti kilikuwa bado na joto lake, na mkamwana hakalii kiti cha baba mkwe. Nilisimama nacho mbele yangu, uso unaniwaka.

"Kaa, mwanangu," mama mkwe akasema. "Jenereta inakula mafuta."

Nikakaa, Mwalimu akiwa begani kwangu kama alivyowasimamia wengine, nikaongeza nafasi mpaka jina zima likaingia.